Ganda Langu na Vumbi la Kiboko

Dau lilikuwa viatu. Atakayeshindwa ataosha raba za nyumba nzima, na hiyo ilikuwa wiki ya mvua hapa Umoja, raba zinarudi na matope mazito kuliko mwenyewe. Nilikubali haraka. Mpinzani wangu, mtoto wa dadangu, ana miaka 9.

Tena nilikuwa na silaha. Kwenye Pokémon, mchezo wa video wa kupiganisha viumbe, kuna kiumbe kinaitwa Shedinja, ganda tupu la mdudu, amekuwepo tangu 2002. Uhai wake ni pointi 1. Moja! Mfikishe levo ya 100, bado ni moja. Lakini ana kipaji cha Wonder Guard: pigo halimdhuru ila liwe la moto, mawe, angani, mzimu au giza. Nikamvika Focus Sash, inayomwokoa mara moja na pigo la kuua. Nikamfunza na Protect, ya kukinga mapigo ya zamu nzima. Kwa kifupi nilimjengea nyumba ya Nairobi: geti la chuma, grili dirishani, kufuli tatu na askari wa usiku.

Tukapigana hadi kila mmoja akabaki na kiumbe kimoja. Kijana akamtoa Hippowdon, kiboko mnene wa ardhini, na papo hapo dhoruba ya mchanga ikatanda skrini nzima. Nilicheka mpaka dadangu akachungulia kutoka jikoni. Earthquake ya kiboko, pigo la ardhi, itamfanya nini Shedinja?

"Anko, tuseme tu ni sare," kijana akaniambia kwa upole, kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Sare na nani?"

Nikabonyeza Protect. Sikuihitaji, ilikuwa madharau tu. Earthquake ikagonga mwamba. Nikasimama juu ya kochi, kiuno kimeshaanza kuzunguka, ndipo zamu ikaisha na mchanga ukaja kudai chake.

Kumbe Wonder Guard huzuia mapigo, na mchanga si pigo. Focus Sash nayo hungoja pigo. Protect ndiyo kabisa. Dhoruba hukata sehemu 1 kati ya 16 ya uhai kila zamu inapoisha, ila asiwe wa mawe, ardhi au chuma. Sasa mwenye pointi 1 utamkata nini? Unabeba yote. Geti limefungwa, askari yuko macho, vumbi limepita chini ya mlango.

"Kuna miwani ya kumvalisha, Safety Goggles," kijana akasema. "Mchanga haumgusi."

"Na hukuniambia?"

"Si nilikuambia tuseme sare?"

Jozi saba. Maji ya bomba nayo hayakuwa zamu yetu, ikabidi ninunue mitungi miwili kwa jamaa wa mkokoteni. Nilipofika jozi ya nne, nikamwona kijana anaweka ya nane mwisho wa foleni.

"Hizi za nani?"

"Za rafiki yangu wa ploti ya pili. Nilimwambia leo kwetu kunaoshwa."