Nani Analipia Nguzo ya Pili?

Tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakikaribia kisiwa cha Mafia, sisi wa Kilwa Masoko tulikuwa tumeshavuta mitumbwi juu na kufunga madirisha. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitufikia mapema na watu waliisikiliza. Umeme ulikatika upepo ukiwa haujashika kasi yake. Siku ya kwanza ya giza haina uzito: watoto wanafurahi, mshumaa unatafutwa, watu wanalala mapema. Siku ya pili ndipo mambo yanapoanza kujitokeza. Simu zimezima. Bomba halitoi maji, kwani pampu ni ya umeme. Dada mmoja jirani yangu anayeuza pweza alifungua friza yake akaanza kuwagawia watu bure, kwa sababu barafu ilikuwa imeyeyuka na barabara ya Dar es Salaam ilikuwa imekatika maeneo ya Somanga, hakuna gari la kupeleka mzigo.

Na Hidaya kilipungua nguvu kilipofika pwani. Hakikuwa sawa na kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952, wala kile cha Aprili 1872 kilichong'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha vyombo bandarini. Yote haya yalitupata kwa kimbunga kilichokuwa kinachoka.

Miezi miwili nyuma yake, Machi 2024, nchi ilikuwa imezima vituo vitano vya umeme wa maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko mahitaji. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulikuwa umeanza kazi, na bwawa lile lina mitambo tisa, megawati 2,115 kwa jumla. Kwa hiyo hatukukaa gizani kwa kukosa umeme nchini. Tulikaa gizani kwa sababu ya kile kilicho kati ya mtambo na nyumba: waya, nguzo, vikombe vinavyoushika waya usiguse nguzo, transfoma, na mti ulioegemea laini.

Hapo ndipo ulipo ubishani ninaotaka kuupima. Fedha ya umeme inayopatikana sasa ipelekwe kusambaza laini kwenye vitongoji ambavyo bado havijafikiwa, au iimarishe laini zilizopo ili zistahimili mvua na upepo?

Upande wa kusambaza una hoja nzito na hauhitaji wakili. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na umeme, lakini kijiji kufikiwa si kila nyumba kuwaka. Vitongoji ni zaidi ya 64,000 na kazi inaendelea. Mama anayejifungua kwa mwanga wa tochi ya simu hawezi kuambiwa asubiri mpaka laini ya watu wa Kilwa Masoko iwe imara. Yeye angefurahi hata kwa umeme unaokatika mara tatu kwa wiki, maana leo hana kabisa. Mbunge anayeuliza swali la vitongoji bungeni hafanyi siasa tu, anawasemea watu hawa. Ni suala la haki, na sina la kupinga hapo.

Upande wa pili ndio naona hausikiki vizuri. Mhandisi akisema tupunguze kasi ya laini mpya tukarabati za zamani, anaonekana mtu wa mjini aliyeshapata chake na sasa anawafungia wenzake mlango. Nimewahi kuongea na fundi mmoja aliyekuwa anashuka kwenye nguzo baada ya saa nyingi za kazi. Aliniambia, "Kaka, kila mwaka laini inaongezeka urefu, sisi tuko walewale na gari ni lilelile." Sikuona ndani ya maneno yale mtu anayewanyima wanakijiji umeme. Niliona mtu anayeogopa kwamba kitu walichopewa hakitadumu.

Tuangalie namba moja ambayo kila mtu anaijua: 27,000. Hiyo ndiyo shilingi anayolipa mwananchi wa kijijini kuunganishiwa umeme. Kabla ya unafuu huo, kijijini bei ilikuwa 177,000 kwa nyumba isiyohitaji nguzo, 337,740 kwa inayohitaji nguzo moja na 454,654 kwa nguzo mbili. Naomba msomaji azisome tena. Nyumba ya nguzo mbili ilipoanza kuunganishwa kwa 27,000, ile tofauti ya 427,654 haikupotea hewani. Nguzo bado ilikatwa Mufindi, ikatiwa dawa, ikapakiwa kwenye lori, ikachimbiwa shimo, na fundi akapanda. Kuna mfuko uliobeba. Nyumba mia moja za aina hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 42, na hiyo ni gharama ya kufika tu. Haimo ndani yake hata senti moja ya kuirudia nguzo ileile mchwa wakishaila chini.

Nyumba hiyo ikishawaka, ikitumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi inalipa shilingi 100 kwa uniti. Kabla ya kodi na tozo, haifiki hata 8,000 kwa mwezi. Humo ndimo inapotakiwa kutoka fedha ya kuzalisha, kusafirisha, kusambaza, kufyeka njia ya umeme na kubadilisha vikombe vilivyopasuka. Januari 2022 bei ya kuunganisha mijini ilirudi 320,960 kutoka 27,000 na kelele zikawa nyingi, ila vijijini ilibaki 27,000. Mimi sisemi ipandishwe. Mama yangu mzazi aliunganishiwa kwa 27,000 na bila hiyo asingewasha taa. Ninachosema ni kwamba tulipokubaliana kumpa bei hiyo, tulitia saini pia deni la kuitunza nguzo yake, na deni hilo hatulitaji kwenye bajeti kwa sauti ile tunayotajia vitongoji vipya. Uzinduzi una utepe na ngoma. Kubadilisha nguzo iliyooza hakuna mgeni rasmi.

Kwetu kusini madhara yake ni makubwa kwa sababu ya urefu wa laini. Laini ya kilovoti 33 inayopita kijiji hadi kijiji, mbuga hadi mto, ikiguswa na kuti la mnazi mahali pamoja inazima yote. Fundi anaanza kuitembea kutafuta tatizo lilipo, na siku za masika barabara yenyewe haipitiki. Kuna tiba ambazo si ghali kama tunavyodhani. Swichi za kuitenga laini vipande vipande zingeacha kijiji chenye tatizo gizani na kurudisha umeme kwa vingine. Laini ikilishwa kutoka pande mbili, upande mmoja ukikatika mwingine unachukua. Mtwara na Lindi zilikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo ya gesi ya hukuhuku, na Somanga Fungu kuna mtambo mdogo wa megawati 7.5. Wilaya ya Kilwa ndiyo yenye kisiwa cha Songosongo, ambako gesi imekuwa ikitoka kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004. Mtu wa hapa anajua gesi inapita wapi. Anaumia anapokaa siku kadhaa bila taa.

Nguzo za zege nazo zinasifiwa sana. Ni kweli haziozi wala haziliwi na mchwa, na kwenye mabonde yenye maji zingefaa kutangulia. Lakini ni nzito, zinataka gari lenye winchi, na vitongoji vingi havina barabara ya gari hilo. Anayetaka kila nguzo iwe ya zege anarefusha foleni ya yule mama wa tochi ya simu. Hapa nakubali upande wa kusambaza una haki ya kuuliza.

Jambo ninaloliona gumu kuliko yote ni mti. Laini zetu zinapita kwenye minazi na mikorosho. Miradi ya umeme vijijini haina fidia. Mwenye shamba anaombwa atoe njia kwa ajili ya maendeleo, naye siku ile anakubali kwa furaha. Miaka mitano baadaye mkorosho umenenepa na tawi linagusa waya. Mafundi wanakuja na panga. Mzee anasimama chini ya mti wake na kusema haukatwi. Watu wa mtaani wanamlaumu kwamba yeye ndiye anayewazimia umeme. Mimi nashindwa kumlaumu. Mkorosho ule ni ada ya wajukuu, na mnazi mmoja unampa nazi mwaka mzima. Tumemwomba atoe mali yake bure ili wilaya nzima iwake. Kiasi kidogo cha fidia, au hata miche mifupi ya kupanda mbali na njia ya umeme, kingepunguza sana kukatika huku, na ni fedha ndogo mno ukilinganisha na kilomita chache za laini mpya.

Kuna kisiwa kimoja kilichowahi kutuonyesha mwisho wa njia hii ya kusambaza bila kutunza. Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, umeme ulikuwa umefika kwa karibu kila mtu. Shirika lao lilikuwa na deni la dola takribani bilioni 9, liliomba kinga ya kufilisika Julai 2017, na kwa miaka lilikuwa limeacha kukata miti na kukarabati laini. Kimbunga Maria kilipotua tarehe 20 Septemba mwaka huohuo, kisiwa kizima kilizima, na nyumba za mwisho zilirudishiwa umeme baada ya takribani miezi 11. Kwa muda mrefu serikali ilisema waliokufa ni 64. Agosti 2018 ilikubali hesabu ya Chuo Kikuu cha George Washington: 2,975.  Wengi wa wale ambao hawakuhesabiwa mwanzoni walikufa wiki na miezi baadaye, hasa wazee na maskini, katika kisiwa ambacho huduma zake zilikuwa zimesimama. Sisi pia tuna friji za chanjo kwenye zahanati, na vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kila shilingi inayopelekwa laini mpya iambatane na fungu lake la matunzo, lililoandikwa peke yake na lisiloweza kuhamishiwa uzinduzi mwingine. Ikiwa hilo litapunguza idadi ya vitongoji vya mwaka mmoja, nakubali gharama hiyo, nikijua kuna nyumba itakayosubiri. Ningependa waziri aliseme hivyo waziwazi kwa watu wa nyumba hiyo.

Hapa Kilwa Masoko, Septemba 2023, jiwe la msingi la bandari ya uvuvi liliwekwa, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Ilipangwa kuwa na mtambo wa barafu na vyumba vya baridi. Dada wa pweza ananiuliza kila tukipita pale kama vyumba hivyo vitakuwa kwenye laini hiihii yetu.