Saa nne za mpelelezi

Kuna hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania ambazo ukizisoma harakaharaka zinakera. Mtu ameuawa, mshtakiwa kakamatwa, kakiri polisi kwa maandishi, Mahakama Kuu imemtia hatiani na kumhukumu kunyongwa. Kisha majaji watatu wanakaa na kuhesabu saa. Wanaona maelezo ya onyo, yaani kule kukiri kwake kwa maandishi, yaliandikwa siku ya pili baada ya kukamatwa badala ya ndani ya saa nne, wanayafuta kwenye kumbukumbu, na kwa kuwa hakuna ushahidi mwingine wa maana, jamaa anatoka. Ndugu wa marehemu wanarudi kijijini wakiulizana: ina maana mtu wetu kauawa na saa?

Swali lao si la kipuuzi, na mawakili tunakosea tunapolijibu kwa kutaja vifungu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa askari saa nne za msingi za kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, zikihesabiwa tangu alipokamatwa. Zikiisha, mpelelezi anaweza kuziongeza hadi nane nyingine na kumjulisha mtuhumiwa, au aende kwa hakimu kuomba zaidi. Kabla ya kuanza, lazima ajitambulishe kwa jina na cheo, aeleze kosa kwa lugha anayoielewa mtuhumiwa, na amwonye kuwa halazimiki kujibu. Mtuhumiwa akitaka kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, ana haki hiyo.

Polisi wanasema: njooni vijijini. Kituo kina askari wachache na pikipiki moja, mtuhumiwa kakamatwa ng'ambo ya mto, mvua imekata barabara, na mpelelezi ni huyohuyo anayesindikiza mahabusu mahakamani. Hoja hii ina uzito, lakini ni nyepesi kuliko inavyosikika, kwa sababu sheria yenyewe inaondoa kwenye hesabu muda wa kumsafirisha mtuhumiwa kwenda kituoni, na muda wa kumsubiri wakili au ndugu aliyeitwa. Ukisoma mienendo ya kesi hizi, mara nyingi kilichokula muda si mto. Mtu alifikishwa kituoni Ijumaa jioni, akaingizwa selo, akahojiwa Jumapili, na hakuna mstari hata mmoja unaoeleza kwa nini. Shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, akiulizwa kizimbani, anajibu kuwa "upelelezi ulikuwa unaendelea."

Hata hivyo pana hali ambazo nawaonea huruma. Mtuhumiwa kaokolewa mikononi mwa wananchi wenye hasira kali, kichwa kimepasuka. Umhoji kwanza ndani ya saa nne, au umpeleke hospitali na PF3, fomu ya polisi ya matibabu? Askari mwenye akili timamu ataenda hospitali. Pale ndipo uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Jinai Namba 67 ya 2010 unapokuwa na maana: si kila ukiukaji wa taratibu unaofuta ushahidi moja kwa moja, mahakama ipime uzito wa kosa, ukubwa wa ukiukaji, na kama palikuwa na nia mbaya. Ni busara, ila ina gharama yake. Kipimo kikiachwa wazi namna hiyo, kesi mbili zinazofanana zinaweza kuishia pawili tofauti, na askari hajui leo kama kuchelewa kwake kutasamehewa kesho.

Upande wa pili umesemwa vizuri zaidi katika Rufaa Namba 95 ya 2006. Majaji walikubali kwamba kumweka mtu chini ya ulinzi kupita muda uliowekwa ni mateso, ya akili au ya namna nyingine. Wengi wakisikia neno mateso wanafikiria rungu. Lakini mtu aliyekaa siku mbili kwenye selo yenye ndoo moja, asiyejua mkewe ana habari au la, hahitaji rungu ili aweke dole gumba kwenye karatasi. Na karatasi yenyewe maneno ya onyo yameshachapwa juu, yaleyale kwa kila mtu, kwa Kiswahili cha ofisini, hata kama aliye mbele yake ni mzee anayeongea Kifipa tu. Anayejua maana ya "kubambikiwa kesi" anaelewa kwa nini watunga sheria waliweka saa badala ya kuamini moyo mwema wa mhojaji.

Tunasahau pia kwamba si siku zote kukiri polisi kumekuwa ushahidi hapa. Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 ilirithi msimamo wa India wa 1872: ungamo mbele ya polisi halipokelewi. Ni marekebisho ya 1980 yaliyofungua mlango. Kenya walikwenda kinyume: mwaka 2003 waliufunga, ungamo likawa la kutolewa mbele ya jaji au hakimu tu, halafu 2007 wakaacha upenyo. Ofisa wa cheo cha inspekta au zaidi anaweza kulipokea, mradi asiwe yeye anayepeleleza kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa. Mimi naona upenyo huo una akili kuliko saa zetu nne. Saa inapima muda tu. Haioni kilichotokea chumbani. Mtu anaweza kupigwa vizuri sana ndani ya dakika arobaini. Mtu wa tatu, hata awe shangazi asiyejua kusoma, ana macho. Sisi tuna mlinzi wa amani, ambaye aghalabu ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, na ungamo lililoandikwa mbele yake lina heshima zaidi, lakini mtuhumiwa anafikishwa kwake baada ya polisi kumaliza naye, na kesho yake anarudi selo ileile.

Lakini mvutano huu wote wa maungamo usingekuwa mkali hivi kama kungekuwa na kitu kingine kwenye jalada. Ungamo linapofutwa na kesi ikafa palepale, maana yake ni kwamba tangu mwanzo kesi ilikuwa ungamo peke yake.

Tuchukue mfano wa kawaida. Mtu kakutwa amekatwa shambani, panga limelala pembeni mwa mahindi. Kabla askari hajafika, nusu ya kitongoji imeshapita pale. Mwingine kalishika panga kuona ni la nani, mwingine kamfunika marehemu kwa khanga yake. Askari anafika mchana, anamwita mwenyekiti awe shahidi, anachora ramani ya tukio kwa kalamu ya risasi, analiviringisha panga kwenye mfuko wa plastiki na kulifunga mpira. Hapo tayari ushahidi umeanza kuoza, kwa maana halisi: damu mbichi ikifungiwa kwenye plastiki inashika unyevu, bakteria na ukungu wanaishambulia, na vinasaba vinaharibika. Ilipaswa ikaushwe, iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, ifungwe kwa lakiri, iandikwe nani kaichukua, wapi, saa ngapi. Bahasha ya kaki inauzwa kila duka la vitabu.

Kisha panga linasafiri. Kutoka shambani kwenda kituo kidogo, kutoka hapo wilayani, kutoka wilayani kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kurudi. Katika Rufaa Namba 110 ya 2007 Mahakama ya Rufani ilitaka safari hiyo ionekane kwa maandishi, hatua kwa hatua: nani alikamata kielelezo, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, nani alikipima. Mizozo mingi ya kizimbani inaishia kwenye swali moja dogo la wakili. Usiku ule kielelezo kililala wapi? "Kwenye droo ya ofisi." Droo ina ufunguo? "Haina." Kesi imekwisha hapo, na hakuna aliyedanganya.

Baadaye, katika Rufaa Namba 485 ya 2015, mahakama ililegeza kidogo: kitu kisichobadilishika kirahisi hakihitaji mlolongo mkali kama unga wa dawa za kulevya, unaoweza kubadilishwa na unga wa muhogo bila mtu kujua. Nakubaliana nao. Pikipiki yenye namba ya chesesi haiwezi kugeuka pikipiki nyingine kwenye uwanja wa kituo. Lakini panga la kijijini halina namba. Yako elfu na yote yanafanana, kwa hiyo halifai kupata nafuu hiyo hata kidogo.

Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili kesi zisifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ile nyimbo ya "upelelezi haujakamilika" imepungua kwenye makosa madogo. Kwenye mauaji inaendelea, na mauaji hayana dhamana. Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyowasilisha ripoti yake kwa Rais Julai 2023, ilipendekeza upelelezi uwe na chombo chake cha taifa. Wanaopinga wanasema ni jengo jipya na magari mapya. Wanaounga mkono wanasema anayekamata asiwe ndiye anayepeleleza. Niko na hao wa pili, kwa shingo upande. Kitakachonishawishi ni siku nitakapoona kijana wa kituo kidogo, aliyefika shambani wa kwanza, ana bahasha mkobani na anaandika muda kabla hajaligusa panga.