Tumbo Langu Lilivyoitikia Dua ya Posa

Kwa kuwa binamu yangu amekwisha kuutangazia nusu ya ukoo kwamba nilivunja kiti cha watu, naomba ieleweke kwamba kule Tanga tuliketi mkekani, na kilichosikika hakikuwa kiti.

Tulipokwenda kumposea mdogo wangu tulikirimiwa maziwa ya moto yenye iliki, na kila nilipomaliza bilauri mama mwenye nyumba aliijaza tena, nami nikaona haya kukataa mbele ya watu tunaowaomba binti yao. Utumbo wangu mwembamba, sawa na wa watu wazima wengi duniani, hutoa kimeng'enya cha laktesi kwa uchoyo. Kwa hiyo, mazungumzo yalipokuwa yakirefuka, sukari ya maziwa ilipita bila kuvunjwavunjwa hadi kwenye utumbo mpana, ambako bakteria waliipokea kwa shangwe, wakaichachusha na kuzalisha gesi.

Mshenga alipomaliza, mzee alituomba tusome Fatiha kimyakimya. Hapo ndipo penyewe, enyi mnaonicheka. Mngurumo ulianzia chini upande wa kulia, pale utumbo mpana unapoanzia, ukapanda taratibu hadi chini ya ini, ukakata kona, ukavuka kwenda kushoto huku ukiongeza sauti, ukakata kona ya pili karibu na wengu, kisha ukaanza kuteremka. Nilikuwa nimefumba macho kwa unyenyekevu, ingawa nilichokuwa nikikifuatilia hatua kwa hatua sicho walichodhani wenyeji. Mlango wa haja kubwa una misuli miwili ya kufunga: wa ndani haupokei amri ya mtu, nao ulikwisha kulegea, wa nje ndio niliobaki nao, na niliubana hadi vidole vya miguu vikajikunja. Mzee akasema, "Amin." Tukainua mikono kujipangusa uso, na katika kuinua huko msuli ule ukasalimu amri, kwa mlio mrefu uliopanda mwishoni kama wa mtu anayeuliza swali.

Hakuna aliyejibu.

Mshenga alikohoa akiwa amekwisha kuchelewa, nikaonyeshwa choo, na posa ikakubaliwa. Sasa mama yule ametuma salamu kwamba siku ya mahari, mgeni aliyependa maziwa atatengewa jagi lake. Anayejuana naye tafadhali amnong'oneze kwamba mtindi ungenifaa zaidi, maana bakteria wake huwa wamekwisha kuila sehemu ya sukari hiyo.