Mtoto wa nyoka ni nyoka?

Kila vijana wa mapanga wanapozuka Kisauni au Likoni wakajeruhi watu, mabaraza ya Mombasa hugawanyika pande mbili kahawa haijapoa. Upande mmoja husema mtoto wa nyoka ni nyoka: hawa wamezaliwa na roho hiyo, polisi wawamalize tu tupumue. Upande wa pili una methali yake, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha hutaja kazi zilizokosekana, unga wa kulevya uliojaa mitaani, baba asiyejulikana aliko. Wote wana mifano ya watu wanaowajua kwa majina, na wote hurudi nyumbani na msimamo ule ule waliokuja nao.

Ugomvi wenyewe ni wa kale. Huko China, mwanafalsafa Mencius alisema mtu yeyote akimwona mtoto anakaribia kutumbukia kisimani moyo humruka, awe anamjua au hamjui, na hapo ndipo penye mbegu ya wema. Xunzi akaja baadaye akampinga: asili ya mtu ni mbaya, wema ni wa kufunzwa. Ulaya, mwanafalsafa Hobbes aliandika mwaka 1651 kwamba pasipo na utawala watu wangekuwa vitani kila mmoja na mwenzake. Rousseau naye mwaka 1755 akasema huruma tumezaliwa nayo, ni maisha ya jamii yaliyotuharibu.

Hapa kwetu anayetetea wema wa asili hana haja ya kufika China. Atakutajia hadithi ya Mtume kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile safi la asili, kisha wazazi wake ndio wanaomgeuza. Lakini mwenzake wa pembeni naye amesoma madrasa, atamjibu kwa Sura Yusuf, kwamba nafsi huamrisha sana maovu. Na katika Sura Ash-Shams nafsi imefahamishwa yote mawili, uovu wake na uchaji wake. Mimi naona aya hii ndiyo iliyo karibu zaidi na tunayoyaona, na ajabu ni kwamba barazani haitajwi sana, labda kwa sababu haimpi mtu ushindi.

Wataalamu wa saikolojia nao wamegawanyika. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha majaribio yao na watoto wa miezi 18. Mtu mzima anaangusha kibanio cha nguo, anajifanya hakifikii. Mtoto anakwenda, anakiokota, anampa. Hakuahidiwa peremende wala hakuambiwa asaidie. Ukiishia hapo utasema Mencius ameshinda. Lakini kuna Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye mwaka 1963 alitangaza kwamba kati ya watu 40 wa kawaida, 26 walibonyeza swichi hadi volti 450, wakiamini wanamchoma mtu kwa umeme katika chumba cha pili, kwa kuwa tu msimamizi amewaambia waendelee. Umeme haukuwa wa kweli. Kuna jambo husahaulika katika kisa hicho: wengi walitetemeka, wakatokwa jasho, wakaomba jaribio lisimamishwe, na bado wakabonyeza. Huruma walikuwa nayo, ila haikutosha kuinua kidole.

Kundi la tatu husema tuache habari za asili, tutazame mazingira. Mwaka 1973 Darley na Batson walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na wanafunzi wa theolojia huko Princeton. Waliwatuma jengo la pili kutoa hotuba, na njiani wakamweka mtu ameinama, anakohoa, anaonekana mgonjwa. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu ndio waliosimama kumsaidia. Wasiokuwa na haraka, asilimia 63. Na baadhi yao walikuwa wanakwenda kuhubiri kuhusu Msamaria Mwema, yule wa Injili aliyesimama kumsaidia majeruhi njiani! Aliyewahi kukimbilia feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, akamruka mtu aliyeanguka kwenye mteremko, hawezi kuwacheka.

Hoja hii ya mazingira ina nguvu, ila inanitia shaka ninapofikiria umati.

Nilikuwa soko la Kongowea, upande wa nyanya, kijana alipokamatwa na simu ya mtu. Ilipigwa kelele moja tu ya "mwizi!" na watu wakajaa. Mmoja ana jiwe mkononi, mwingine anauliza petroli iko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeulizia chenji. Umati huohuo, wachuuzi haohao, wiki hiyo walikuwa wamechanga kwa M-Pesa kumlipia hamali mwenzao bili ya hospitali. Basi mwanamke mmoja muuzaji akamvuta yule kijana kwa ukosi hadi ndani ya kibanda chake, akasimama mbele. Hakutoa mahubiri. Alifoka: "Hapa kwangu hamuui mtu! Nyanya zangu nani atazilipa?" Akamnyang'anya simu, akamrudishia mwenyewe, kisha akamtukana kijana matusi ambayo gazeti halichapishi. Bwana aliyekuwa kando yangu, aliyekuwa akisema "mpigeni", aliinama akaanza kumwokotea mama nyanya zilizobingirika.

Mazingira yalikuwa mamoja kwa wote: joto lilelile, umati uleule. Na mama hakuwa peke yake wa aina yake duniani. Utafiti uliotangazwa 2019 ulipitia picha za kamera za barabarani za ugomvi 219 katika miji ya Lancaster, Amsterdam na Cape Town; katika visa tisa kwa kila kumi, angalau mpita njia mmoja aliingilia kati.

Lakini je, alichofanya mama wa nyanya kilikuwa wema? Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja hata mtoto kwa kuwa anataka wateja warudi. Tendo ni sahihi, alisema, ila thamani ya kimaadili halina. Na hadithi ya kwanza katika Sahihi Bukhari ni kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Kwa kipimo hicho mama wa nyanya ameokoa biashara, na kijana amepona kwa bahati. Sikubali moja kwa moja. Nia ya kweli anaijua Mola, na nahisi hata yeye mwenyewe mama asingeweza kuichambua: ya hasara ni ngapi, ya huruma ni ngapi. Tukisubiri nia isafike ndipo tuingilie, petroli itakuwa imeshafika.

Ndiyo maana ubishi wa barazani unanichosha kidogo. Anayesema kijana kazaliwa hivyo, anauondolea mtaa lawama. Anayesema maisha ndiyo yaliyomharibu, anamwondolea kijana. Ubishi unaonekana ni wa asili ya binadamu, kumbe kila mmoja anatafuta wa kumsamehe, na mara nyingi ni yeye mwenyewe. Tazama kijana akitoka gereza la Shimo la Tewa amemaliza kifungo, akarudi mtaani kuomba kazi. Wa upande wa kwanza atamfukuza. Wa upande wa pili atampa pole, atalaumu serikali kwa dakika kumi, na kaunta ya duka lake hatamwachia.

Fundi mmoja wa pikipiki ninayemfahamu Mishomoroni huwachukua vijana kama hao. Ukimuuliza kama mtu huzaliwa mwema hukutazama kama umekosa la kufanya. Spana anazihesabu kila jioni mbele yao, bila kuona haya. Mmoja alimwibia betri akatoweka. Mwingine bado yuko, na siku hizi ndiye anayefungua asubuhi.