Siku Niliyokwenda Mikindani Kukosa

Kwetu sisi Wamakonde mjomba ndiye mwenye maneno kwenye posa, na baba mzazi huketi pembeni akitikisa kichwa. Kwa hiyo mpwa wangu alipopata mchumba Mikindani, hakuna aliyeuliza nani atakuwa msemaji. Mimi ni karani wa chama cha msingi, nimezoea kusimama mbele ya wakulima waliokasirishwa na bei ya korosho, na hotuba yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni kwa wiki mbili. Jino ndilo ambalo sikulishirikisha.

Jino lenyewe ni la mbele, la chini, mojawapo ya yale mawili ya katikati ambayo ni madogo kuliko meno yote ya mtu mzima. Miaka michache iliyopita kulabu ya mzani ilichomoka kwenye gunia ikanigonga kidevu, na jino hilo, badala ya kung'oka kiume, likaanza kugeuka rangi polepole mpaka likawa la kijivu. Katika zahanati moja ya mjini walilitoboa kwa nyuma, wakausafisha mfereji wa mzizi, wakauziba, wakaniambia kazi imekwisha. Baada ya miezi mitatu kikatokea kijipu kwenye ufizi, kikawa kinapasuka na kurudi kama mdai. Nilinyamaza, kwa hoja ya kikarani kwamba kitu kilichokwisha kulipiwa hakiwezi kuuma.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya posa kiliuma. Saa tatu asubuhi nilikuwa kwa daktari mwingine wa meno, binti mdogo aliyeniamkia vizuri, akanipiga picha ya eksirei, akaitazama, akasema, "Mbona mfereji umezibwa vizuri, baba?" Nikaanza kujiona mwongo. Kisha akaisogeza mashine upande, akapiga picha ya pili kwa mshazari, na hapo ndipo alipocheka peke yake. Ile dawa ya kuzibia haikuwa katikati ya mzizi, bali ilikuwa imeegemea upande mmoja, na pembeni yake ulionekana mstari mwembamba, mweusi, ambao haukuguswa na mtu tangu niumbwe.

Alinieleza kwamba mzizi wa jino hili umebanwa ubavuni kama mbegu ya boga, hivi kwamba ukitazamwa kwa mbele ni mwembamba, lakini kutoka mdomoni kuelekea kwenye ulimi ni mpana, na ndani ya upana huo mara nyingi hukaa mifereji miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama watu wawili kwenye foleni ya maji. Picha iliyopigwa moja kwa moja humwona wa mbele tu. Na kwa kuwa tundu huchimbwa kutoka upande wa ulimi, kifaa huteremka kikielekea kwenye mfereji wa mbele, huku ule wa nyuma ukijificha chini ya ukingo wa jino lenyewe. Ili kuupata ni lazima tundu lipanuliwe kuelekea kwenye ulimi.

"Basi mimi ni kiumbe wa ajabu," nikasema, kwa fahari kidogo.

"Hapana, baba. Mwaka 1974 watafiti wawili, Benjamin na Dowson, walichunguza meno haya haya wakakuta asilimia 41.4 yana mifereji miwili. Yale ambayo mifereji yake hutokea kwenye matundu mawili tofauti yalikuwa asilimia 1.3 tu. Mingi huachana njiani, kisha ikaungana tena kabla ya kufika kwenye ncha."

Nililielewa jambo hilo kuliko alivyodhani, kwa sababu njia za mashamba yetu ya mikorosho huenda hivyo hivyo: hufika kwenye kichuguu, hugawanyika, hukizunguka, kisha hukutana na kuendelea kama kwamba hazikugombana. Lakini ukarani wangu ulichukia ile 41.4. Laiti magunia 41 katika kila 100 yangekuwa na chumba cha siri, hakuna karani Mtwara nzima ambaye angepokea gunia bila kulichoma bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, mara mbili.

Akanichoma ganzi, akaongeza ya pili, akaniambia mdomo utalala kwa saa mbili hadi nne. Nikapiga hesabu: posa ni saa kumi alasiri, kwa hiyo nitakuwa mzima. Ulipofika wakati wa mfereji wa nyuma, akiupekua kwa tupa nyembamba ambayo ncha yake ni milimita 0.10, huku akimimina dawa yenye harufu ya jiki, niliruka kitini. Akaongeza ganzi ya tatu. Ilikuwa saa saba na nusu, na hiyo sikuiingiza kwenye hesabu.

Mikindani tulipokelewa kwa heshima, tukakalishwa mkekani, tukaletewa chai ya tangawizi. Nilikunywa. Nilishangaa tu kwa nini wenyeji wananitazama kifuani, mpaka mpwa wangu aliponinong'oneza kwamba chai yote imeingia kwenye kanzu. Nikajifuta, nikasimama, nikakohoa kikubwa.

Mdomo wa chini usipofunga, herufi p haina mahali pa kuzaliwa, na ulimi wangu, kwa wema wake, ukaamua kusaidia kutokea nyuma. Nikasema kwa sauti kamili, "Wazee wetu, tunekuja kukosa."

Kimya. Mzee wa upande wa pili akajibu taratibu, "Kukosa mmeshakosa, maana mmechelewa. Semeni mlilojia."

"Tunekuja kukosa rasni," nikasisitiza, nikaitoa pete kwenye leso. "Na hii hafa ndiyo kete yetu."

Vijana waliokuwa dirishani walianguka. Ulikuwa msimu wa mabibo, na nikasikia nyuma yangu neno "uraka", yaani pombe ya mabibo, likipita mdomo kwa mdomo. Mtu aliyelowa chai kifuani, anayetiririsha mate na kuleta kete kwenye posa, alikuwa na maelezo mamoja tu. Bibi wa binti, ajuza wa Kimakonde mwenye macho makali, akamaliza kila kitu: "Mama yangu mzazi alikuwa na ndona, kile kipambo cha mti kinachochomekwa kwenye mdomo wa juu, mpaka anakufa, na pete aliita pete. Huyu ana nini?"

Sikuwa na njia nyingine. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa zile picha mbili za eksirei, ndogo kama stempu kubwa, nikamkabidhi baba wa binti. Akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Kikao kizima cha posa kiliinuka mkekani kuutazama mzizi wa jino langu, nami nikawafundisha habari za mfereji wa mbele na wa nyuma kwa matamshi niliyokuwa nayo, mpaka yule mzee wa kwanza akasema, "Kumbe kweli kuna ka mstari hapa," na bibi akaagiza aletewe miwani.

Posa ilipokelewa. Tulitozwa faini mbili, ya kuchelewa na ya kukosa, na ya pili ililipwa kwa vicheko zaidi kuliko fedha. Kuuziba ule mfereji kwa gutaperka, ile dawa ya kuzibia, nilirudi wiki mbili baadaye, siku isiyo na hotuba.

Tukiwa ndani ya bajaji kurudi mjini, magharibi imeshaingia, nilianza kuhisi wadudu wakitembea kwenye mdomo. Nikajaribu polepole: posa, posa, posa. Dereva akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo, akauliza, "Mzee, unamposa nani tena saa hizi?"