Supaglu haina kazi kwenye sikio la mbwa

Wiki hii kwenye makundi ya WhatsApp ya Malindi inazunguka picha ya kilebu anayeuzwa wa Jack Russell, mbwa mdogo wa jamii ya terrier ambaye masikio yake hupendwa yakunjike mbele, masikio yote mawili yamekunjwa na kugandishwa kichwani. Ukiikuza unaona kando ya jicho la kushoto kipande kinachong'aa, kigumu kama ganda la chaza, na ngozi iliyokizunguka imewiva. Hiyo ni supaglu. Na chini ya picha watu wanauliza bei tu!

Kulaza masikio ya mtoto wa terrier si kosa. Akianza kubadilisha meno, kwenye miezi minne hivi, masikio huwa hayatulii: leo yamelala vizuri, kesho moja limesimama kama la paka. Akishatimiza meno yake 42, kwenye miezi sita au saba, gegedu, ule mfupa laini wa sikio, linakuwa limekomaa, na namna sikio lilivyokaa ndivyo atakavyozeeka nalo. Muda wa kulielekeza ni huo wa katikati. Vidonge vya kalsiamu ambavyo wafugaji hushauriana kununua havilazi sikio, na vikizidi vinaharibu mifupa ya mtoto anayekua.

Lakini gundi, jamani. Supaglu ikikutana na pamba au nywele hutoa joto, kisha hukauka ikawa kama kioo. Ngozi ya kichwa cha mbwa haikai kimya hata dakika moja. Akitafuna inasogea, akibweka inasogea, akisikia geti linafunguliwa masikio yanaruka yenyewe. Gundi isiyonyumbuka inang'oa nywele pamoja na tabaka la juu la ngozi, na kidonda kinabaki kimefunikwa na sikio lilelile lililobanwa, hakioni hewa. Ongeza joto la kaskazi na unyevu wa bahari yetu, siku tatu tu usaha umeanza. Gundi ya fundi viatu nayo ni balaa lake: mvuke wake unaochoma macho yako wewe mtu mzima unamwagikia mtoto wa mbwa sentimita chache kutoka jichoni na puani.

Inayofaa ni gundi nyeupe ya lateksi, ile ikikauka inavutika kama mpira. Paka tone mkononi mwako, ngoja ikauke, halafu ibandue kwa kidole. Ikikuuma, isimfikie mbwa.

Kwanza punguza nywele za upande wa ndani wa ncha ya sikio, na za pale ncha itakapolala, kati ya sikio na pembe ya nje ya jicho. Futa mafuta ya ngozi kwa pamba yenye spiriti kidogo, mbali na jicho, na usiendelee mpaka pakauke kabisa. Gundi ya kiasi cha punje moja ya mahindi kwa kila sikio inatosha. Likunje usawa wa juu wa fuvu, ncha ielekee pembe ya nje ya jicho, ushike dakika tatu hadi tano huku mwenzako akimlisha vipande vya nyama. Ukikunja chini mno, sikio litaning'inia kama la mbwa wa kuwinda kwa harufu. Ukivuta ncha kuelekea katikati ya paji, utapata makunyanzi yasiyotoka. Bandika yote mawili hata kama linalosumbua ni moja, la sivyo hayatalingana. Mwisho pitisha kidole cha shahada chini ya mkunjo: kisipopita, tundu la sikio limezibwa, na hapo fangasi hawachelewi.

Plasta nayo inatumika, ila kwa jasho la huku haimalizi siku mbili.

Kila jioni inua ukingo wa sikio, unuse. Harufu kama ya unga uliochacha, au mbwa kutikisa kichwa mfululizo, maana yake bandua leo leo. Tafuta na kupe, kwa sababu mkunjo uliofungwa ndio nyumba wanayoitafuta, na homa ya kupe inaua. Asiende pwani wala asioshwe kichwa. Maji ya chumvi yakiingia chini ya gundi hayakauki. Baada ya siku saba bandua kwa mafuta ya nazi, mpumzishe siku mbili, ndipo urudie kama bado linanyanyuka.

Nyumba nyingi za hapa mwenye mbwa hamgusi kwa sababu ya najisi, kazi yote ni ya mlinzi. Hakuna ubaya. Basi muoneshe mlinzi hayo ya kila jioni, kwa mkono si kwa maneno, kwa sababu akisahau yeye hakuna mwingine atakayejua.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mbwa wa kulinda shamba la minazi hapungukiwi chochote sikio likisimama. Linapata hewa zaidi, tena. Na kilebu aliyechanganyika na mbwa wetu wa mtaani, ambao masikio yao yamesimama tangu asili, hata umbandike mwaka mzima hatakunjika. Muacheni.

Aliye na kilebu yule wa pichani, tafadhali usivute. Mpake mafuta ya nazi ya uvuguvugu juu ya gundi na kuizunguka, usugue polepole dakika kumi, uache, urudie jioni na kesho yake. Nywele zilizoshikwa zikate kwa mkasi wenye ncha butu, ukiuona mkasi wote. Asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, isikaribie jicho. Na ile sehemu nyekundu ya kushoto ikiwa inatoa maji, ni ya daktari wa mifugo, leo.