Utaiinua na nani?

Msimu wa korosho ukikaa vizuri, simu yangu hupata wageni. Mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi Masasi, mwingine mwalimu Tandahimba, mwingine hata simjui, namba kapewa kijiweni. Swali lao ni lile lile: kaka, kuna visenti vimeingia, nataka pikipiki ya maana, niende nayo Dar na niingie nayo vichakani. Nichukue lile dude kubwa lenye masanduku ubavuni, au hizi nyembamba ndefu zenye tairi za meno?

Na mimi huwajibu kwa swali: utaiinua na nani?

Wengi hucheka wakidhani nawatania. Siwatanii. Ada ya somo hilo nimeilipa mwenyewe, njia ya kutoka Nanyamba kushuka Kitaya, mwezi wa kumi, saa saba mchana.

Enzi hizo nilikuwa na dude. Silinda mbili, cc elfu na ushee, nimelinunua kwa mtu Dar es Salaam, na siku nilipolileta Mtwara sikushikika. Kilomita mia tano na kitu za lami, upepo unapita juu ya kioo, malori ya saruji unayaacha kwa kukunja kiganja tu. Nilipofika Mikindani nikaiona bahari, nikasema hii ndiyo pikipiki, hizo nyingine ni baiskeli zenye kelele. Wiki mbili baadaye nikaamua kulipeleka bonde la Ruvuma.

Anayeijua nyanda ya juu ya Makonde anaujua mchanga wake. Magari yanachimba mifereji miwili katikati ya mikorosho, na kiangazi mifereji ile inajaa mchanga laini kama unga uliochekechwa. Kati yake kuna tuta lenye majani. Unachagua mfereji mmoja, wa kulia au wa kushoto, na ukishaingia umeingia.

Nilikuwa kwenye mwendo wa kama arobaini. Gurudumu la mbele likaanza kuogelea, nami nikafanya kile ambacho kila mtu wa lami hufanya: nikaachia mafuta. Kuachia mafuta mchangani ni kama kumsukuma mtu aliyekwisha kuinama. Uzito wote ukaja mbele, tairi likalima, usukani ukajigeukia wenyewe, dude likalala. Polepole, kama mzee anayejinyoosha kwenye mkeka. Sanduku la kulia likaubana mguu wangu juu kidogo ya kifundo, na kama nisingekuwa nimevaa buti ngumu ningekuwa naandika habari nyingine kabisa.

Nikachomoa mguu, nikazima injini. Nikafanya kama wanavyofundisha kwenye video: ipe pikipiki mgongo, kalio kwenye kiti, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu rudi kinyumenyume kwa nguvu ya miguu. Kwenye sakafu inawezekana, nimeshafanya. Mchangani kilichosogea ni visigino vyangu, vikazama, na dude likabaki pale pale likidondosha petroli tone kwa tone. Jaribio la tatu liliponishinda nikaenda kukaa chini ya mkorosho. Mabibo yaliyoanguka yalikuwa yameshachacha, nzi wamejaa, na mpaka leo nikisikia harufu ya mabibo kiuno kinaniuma.

Wa kwanza kufika walikuwa akina mama wawili wamejitwisha ming'oko. Wakaniangalia, wakaliangalia dude, wakanipa pole. Halafu ikasikika Boxer ya bodaboda. Kijana wa watu, kandambili miguuni, amepiga mshikaki abiria wawili na dumu la maji ameliegemeza juu ya tangi. Anakuja kwenye mfereji ule ule ulioniangusha, miguu kaitanua kama bata anayetua, pikipiki inacheza kushoto, inacheza kulia, naye anaiacha icheze. Akasimama.

"Njomba," akasema, "hili ni la kwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Tuliliinua watu wanne, mama mmoja akituhesabia moja, mbili, tatu. Yule kijana akaondoka na mshikaki wake kabla sijamaliza kupangusa mchanga kwenye saa ya mwendo.

Sasa tuhesabu kwa kipimo ambacho kila mtu wa Mtwara anakijua, mfuko wa saruji wa kilo 50. BMW R 1250 GS, tangi likiwa limejaa, ina kilo 249. Hiyo ni mifuko mitano kasoro kilo moja, na hujafunga sanduku, hema wala dumu la maji. Honda Africa Twin ya cc 1100 ina kilo 226. Yamaha Ténéré 700, ambayo wapenzi wa madude huisifia kwamba ni nyepesi, ina 204. Halafu shuka chini: Suzuki DR650, mashine ya kizamani kabisa, kilo 166. Honda CRF300L, kilo 142, haifiki hata mifuko mitatu. Tofauti ya mifuko miwili si jambo la kusoma kwenye karatasi. Ni tofauti ya kulala nyumbani na kulala porini.

Wenye madude huniambia uzito si tatizo, tatizo ni ufundi. Wana nusu ya ukweli. Mbinu za mchanga zipo na nilijifunza baadaye: simama kwenye vikanyagio, peleka mwili nyuma, angalia mbali badala ya kuangalia tairi, punguza upepo kwenye matairi na uwe na pampu ya kuurudisha, na hata iweje usiachie mafuta ghafla. Zinafanya kazi. Lakini zote zinataka mwendo. Dude likikimbia linaelea juu ya mchanga. Likienda taratibu linalima. Kwa hiyo siku utakapokosea, na utakosea, kosa litakukuta uko kasi na kilo karibu mia tatu chini yako. Na njia zetu si jangwa. Kuna mbuzi, kuna watoto wanatoka shule, kuna mzee na baiskeli yenye magunia mawili ambaye hatapisha kwa sababu hana pa kupishia. Nani atakimbia sabini humo? Pikipiki nyepesi ikiyumba unaweka mguu chini, unatukana kimoyomoyo, unaendelea.

Kuna na wale wa "mbona Dakar". Haya, tuizungumze Dakar, yale mashindano makubwa ya magari na pikipiki jangwani. Mbio za kwanza ziliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, na mshindi wa pikipiki, Cyril Neveu, alikuwa juu ya Yamaha XT500, silinda moja. Kisha viwanda vikaona soko. BMW ikatoa R 80 G/S mwaka 1980, na mwaka uliofuata Hubert Auriol akaipatia kampuni hiyo ushindi wa Dakar. Tangu hapo injini zikawa zinanenepa, mwendo unapanda, ajali nazo zinapanda, hadi waandaaji wakafunga mlango: tangu 2011 hakuna pikipiki ya zaidi ya cc 450. Zinazoshindana leo kwenye mchanga wa Saudi Arabia ni za silinda moja. Yale madude yanayouzwa kwa rangi na hadithi za jangwani hayaruhusiwi hata kupanga foleni pale mwanzo. Hili huwa nalisema nikiwa nimekaa, maana kuna mtu aliwahi kunisogelea kwa hasira.

Lakini nisiwadanganye kwa upande wa pili. Nimekwenda Dar mara moja na cc 250, na sitarudia kwa hiari yangu. Kiti ni ubao uliovishwa ngozi. Kufika Nangurukuru mikono imeshaanza ganzi, Somanga nikawa naongea peke yangu ndani ya kofia, na baada ya Daraja la Mkapa kila basi linalonipita linanisukumia pembeni kama karatasi. Halafu tangi! CRF300L inabeba lita 7.8 tu, wakati GS ya kawaida ina lita 20. Ukiwa njia ya Liwale, ambako sheli ni za kuhesabu, hiyo nyepesi inakulazimisha kutembea na kidumu au kununua petroli ya chupa kwa mama mwenye genge, na hujui imechanganywa na nini.

Hata urefu. Watu wafupi kama mimi hudhani nyepesi itakuwa chini zaidi. Kiti cha CRF300L kiko milimita 880 kutoka ardhini, GS 1250 ni 850. Nyepesi ndiyo ndefu. Kinachokuokoa ni kwamba ukiikalia shokapu zinabonyea, na ikielemea upande unaweza kuizuia kwa paja moja.

Kwa hiyo ukiniambia maisha yako ni Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, mama watoto yuko nyuma na mzigo upo, chukua dude na Mungu akubariki. Lami siku hizi inakufikisha Songea yenyewe. Dude ni pikipiki ya lami inayovumilia vumbi, na vumbi gumu, lile lililojikunja kama bati, inalivumilia vizuri kuliko nyepesi. Hapo silibishi. Mgogoro wangu ni na neno "kuingia vichakani".

Maana vichaka vya kwetu vina mchanga kiangazi, na masika vina kitu kibaya zaidi. Waulize wa Nachingwea na Liwale kuhusu ule udongo mweusi. Unashika tairi, unapanda nao, unajaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Madude mengi madigadi yake yamelala karibu kabisa na tairi. Unakata kijiti unachokonoa, unakwenda mita ishirini, unachokonoa tena. Nyepesi za porini madigadi iko juu kabisa, tope linadondoka lenyewe. Ikikwama kabisa unailaza ubavu, unaiburuta hadi pakavu, unaisimamisha. Jaribu kuliburuta dude. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara kuu ya Dar ikakatika huko Somanga, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba Mungu ashukuriwe nimeshaliuza.

Na mafundi. Nilimpelekea dude fundi wangu wa Newala, mtu anayeweza kufungua injini ya Boxer na kuirudisha huku anabishana habari za Simba na Yanga. Akafungua kiti, akakuta nyaya na visanduku vyeusi. Akakifunga taratibu, akanawa mikono. "Kaka, mimi natibu mapafu na moyo. Huyu mpeleke kwa daktari wa akili." Taa moja ya njano kwenye saa ilinipeleka Dar juu ya lori. Nyepesi za kisasa nazo zina injekta, hilo nalikiri, ndiyo maana mimi nilitafuta cc 250 ya Kijapani ya mtumba yenye kabureta. Plagi inapatikana hadi dukani kwa mangi. Waya wa klachi nimenunua wa pili, nimeufunga kwa selotepu kwenye fremu sambamba na ule unaofanya kazi, ukikatika nahamisha ncha mbili tu, naondoka.

Boxer je? Heshima zote. Wanaopita njia mbovu kila siku ya Mungu ndio hao, wala hawana muda wa kubishana cc ngapi. Ila shokapu zake fupi, ukiipeleka porini kwa raha zako kila wiki utaishia kuchomelea fremu.

Rafiki yangu mmoja wa Mtwara bado ana dude lake, na tunatoka pamoja. Kwenye lami ananiacha mapema. Nikifika Mnazi Mmoja ya Lindi namkuta kamaliza madafu mawili na ananiuliza kama nilipitia shambani. Tukiacha lami mambo yanageuka. Mara ya mwisho tulipotoka Newala kuelekea bondeni, nilimsubiri chini ya mkorosho dakika arobaini. Alipofika alikuwa mwekundu wa vumbi tangu kope hadi soksi, kioo cha kulia hana. Hakusema kitu. Aliizunguka pikipiki yangu mara mbili, akaishika kwa nyuma, akainyanyua gurudumu likaacha ardhi, akaishusha.

Wiki iliyofuata akaiazima. Siku mbili tu, alisema, kuna shamba anakwenda kuangalia. Leo ni siku ya kumi na nne. Juzi nimempigia, bado yuko Newala, pikipiki haina neno, ila ule waya wa klachi wa kwenye fremu ameshautumia, nimtafutie mwingine.